Usimuulize Karani Jina la Moduli

Saa kumi na moja kasoro jioni, dirisha la mwisho la SACCOS moja ya Morogoro lilikuwa limeshafungwa. Karani wake alinisogezea kiti kando yake ili nimwone akituandikia taarifa ya hitilafu. Kampuni niliyokuwa naifanyia kazi ndiyo iliyowauzia programu ya mikopo, na nilitumwa huko kwa sababu taarifa za tawi lile zilikuwa hazina kichwa wala miguu. Ofisini tulishazoea kulalamika kwamba watumiaji wetu hawajui kueleza. Nilipokaa pale dakika kumi nikashikwa na aibu, maana fomu ile niliipanga mimi.

Kisanduku cha kwanza kiliandikwa "Bidhaa". Akanigeukia. "Bidhaa ipi tena, kaka? Sisi hapa hatuuzi kitu." Cha pili kiliandikwa "Moduli", na kilikuwa na orodha ndefu iliyoanza na "Akaunti". "Hapo huwa naacha hivyo hivyo," akasema, akaendelea. Kumbe ndiyo maana timu ya akaunti ilikuwa imeshutumiwa miezi kadhaa kwa makosa yasiyo yao. Kisanduku cha tatu kiliuliza ukali wa tatizo, naye bila kusita akachagua "Mbaya sana". Nilipomuuliza kwa nini, akacheka: "Nisipoweka hiyo mnakuja mwezi ujao." Vikafuata toleo la programu, aina ya kompyuta, mfumo endeshi, mtu wa kukabidhiwa kazi na tarehe ya kumaliza. Alipofika kwenye kisanduku kikubwa cha maelezo, chini kabisa, alikuwa amechoka. Akaandika maneno mawili: "Mfumo umegoma."

Nikamwomba afunge fomu anisimulie tu. Akasema: "Nilikuwa naingiza rejesho la mwanachama, elfu hamsini. Nikabofya Hifadhi, ikawa inazunguka tu. Nikabofya tena. Nilipofungua daftari lake nikakuta ameandikiwa laki moja." Hapo kuna kila kitu anachohitaji mtengeneza programu: alichokuwa anafanya, alichokitegemea, alichokiona, mpaka na dalili ya chanzo, yaani kitufe kinachokubali kubofywa mara ya pili kabla seva haijajibu. Taarifa nzuri kabisa ilikuwa kichwani mwa karani, na fomu yangu ndiyo iliyoizuia isitoke.

Tangu siku ile, kabla ya kujadili kisanduku kikae juu au chini, naanza na swali moja: jibu lake analo nani? Fomu ya hitilafu hupita mikononi mwa watu watatu. Wa kwanza ni aliyekumbwa na tatizo. Wa pili ni mpokeaji wa zamu, anayepanga foleni na kuamua kipi kianze. Wa tatu ni atakayerekebisha. Wa kwanza anajua kilichotokea. Wa pili anajua tatizo ni la moduli gani na lina haraka kiasi gani ukililinganisha na mengine. Wa tatu anajua litakwisha lini na katika toleo lipi. Ukimpa mtu kisanduku ambacho jibu lake analo mwenzake, hatakwambia hajui. Atabahatisha, au ataacha kilichomo, nawe utaupokea ubahatishaji ule ukiudhani ni data.

Ukitaka kujua ugonjwa huu ulianzia wapi, tazama Bugzilla, programu ya kufuatilia hitilafu. Terry Weissman aliiandika mwaka 1998, kwanza kwa lugha ya Tcl, baadaye ikahamishiwa Perl, ili ishike nafasi ya mfumo wa ndani uliokuwa ukitumiwa na wahandisi wa Netscape. Fomu yake ya kawaida inakutaka uchague bidhaa kwanza, kisha kijenzi, toleo, ukali, mashine na mfumo endeshi, ndipo ufike kwenye muhtasari na maelezo. Kwa mhandisi mpangilio huo una mantiki yake. Ni mpangilio wa mtunza stoo, anayetaka kujua rafu kabla hajauona mzigo. Mhandisi anazijua rafu zote, kwa hiyo hasumbuki. Shida ilikuja pale watu wa kila namna walipoanza kuletewa fomu zilizoiga mpangilio ule, na wengi wetu tuliiga bila kujiuliza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: anza na simulizi. Juu kabisa ya fomu pawe na maswali matatu, kila moja na kisanduku chake, yakifuatana kama mambo yalivyotokea. Ulikuwa unafanya nini? Ulitegemea kuona nini? Uliona nini? Mtengeneza programu Joel Spolsky aliyataja mambo hayo matatu kuwa ndiyo kiini cha taarifa ya hitilafu huko nyuma mwaka 2000, na bado sijaona mtu aliyeyapunguza yakawa mawili. Mwaka 2008 Nicolas Bettenburg na wenzake walichapisha utafiti uliowahoji wasanidi na watoa taarifa wa miradi ya Apache, Eclipse na Mozilla. Wasanidi walisema hatua za kulirudia tatizo ni miongoni mwa mambo yanayowasaidia kuliko yote. Hatua hizo hizo, zikikosewa, zikawa miongoni mwa mambo yanayowatesa zaidi. Usipoteze nguvu za mtu kwa kumtaka ajaze aina ya kompyuta kabla hajakueleza hatua.

Kwa nini visanduku vitatu badala ya kimoja kikubwa? Kwa sababu kisanduku kikubwa kitupu kinatisha. Mtu anakiona kama karatasi ya insha ya mtihani. Ukikigawa, kila swali linambana kidogo tu. Ila usivuke vitatu. Nilipata kuongeza cha nne, "Unadhani chanzo ni nini?", nikajuta, kwa sababu watu walianza kuandika chanzo walichokidhania na kuacha kuandika walichokiona. Simon Tatham, aliyetunga programu ya PuTTY, alilionya jambo hili katika makala yake ya mwaka 1999 kuhusu kuripoti hitilafu: eleza kwanza dalili, uchunguzi wako uje baadaye. Daktari naye huanza kwa kuuliza panauma wapi.

Kichwa cha taarifa kina ugomvi wake. Programu nyingi hukiweka juu kabisa, na mtu asiye na uzoefu anatakiwa afupishe jambo ambalo bado hajalieleza. Ndiyo maana unapata taarifa kumi zenye kichwa kimoja, "Haifanyi kazi". Ningependa kikae chini ya maswali matatu, mtu akiwa ameshasimulia na kinywa kimefunguka. Lakini kuna sababu moja nzuri ya kukiacha juu. Bugzilla, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2011, huchukua maneno unayoandika kwenye muhtasari na kukuonyesha papo hapo taarifa zinazofanana ambazo tayari zipo. Kama programu yako ina uwezo huo na watumiaji wako ni wengi, kichwa kibaki juu, maana kitakuokoa na marudio. Kama haina, kishushe. Na kokote kitakakokaa, usikiite "Kichwa". Nimeona watu wakidhani wanaulizwa cheo, wakaandika hapo "Bi." na jina lao. Andika: "Kwa sentensi moja, kimeharibika nini?"

Picha ya skrini ina mahali pake pamoja, mara tu baada ya "Uliona nini?". Fomu nyingi huiweka mwisho, chini ya kila kitu, au kwenye ukurasa mwingine kabisa baada ya kutuma. Mtu aliyekwishapiga picha anataka kuitoa mkononi sasa. Ukimcheleweshea nafasi hiyo anaituma WhatsApp, kwa yule kijana wa ofisini anayemfahamu. Picha inabaki kwenye simu ya kijana, na kijana akienda likizo inakwenda naye.

Baada ya simulizi ndipo yaje mazingira: kifaa, kivinjari, toleo. Hapa mashine ijaze yenyewe kila inachoweza. Bugzilla hukisia mashine na mfumo endeshi kutokana na kivinjari unachotumia. Ukisiaji huo unaokoa muda, lakini una mtego. Karani wangu wa Morogoro siku nyingine aliripoti kwa simu yake, akiwa kwenye daladala, tatizo lililotokea kwenye kompyuta ya dirishani. Fomu ikaandika Android. Msanidi akatumia siku nzima kulitafuta kosa kwenye simu. Tiba yake ni swali moja la ndiyo au hapana lililowekwa kabla ya visanduku vya mazingira: "Tatizo limetokea kwenye kifaa hiki hiki?" Akijibu ndiyo, mashine ijaze na ifiche vilivyobaki. Akijibu hapana, ndipo orodha ifunguke.

Tukija kwenye orodha za kuchagua, kumbuka kwamba chaguo la kwanza ndilo litakaloshinda. Hata uweke nini, chochote kinachoonekana kisanduku kinapofunguka kitapata kura za wote wasiojua na wote wenye haraka. Kwa hiyo kisanduku kianze kitupu, na ndani ya orodha pawe na "Sijui". Wasimamizi wengi huliogopa neno hilo, wakidhani watu watalikimbilia. Walikimbilie! "Sijui" ni taarifa ya kweli, na mpokeaji wa zamu anajua cha kufanya nayo. "Akaunti" iliyochaguliwa kwa uvivu ni uongo, na itakutuma mahali pasipo.

Sasa ukali na kipaumbele, ndugu wawili wanaofanana sura na kuchanganywa kila siku. Ukali ni jinsi tatizo linavyoumiza. Kipaumbele ni zamu yake kwenye foleni. Herufi iliyokosewa kwenye nembo ya kampuni haiumizi mtu, ila inaweza kurekebishwa kwanza kwa sababu mkurugenzi ana mkutano kesho. Ukiviweka visanduku hivi ubavu kwa ubavu mbele ya mtoa taarifa, atavijaza vyote kwa thamani ya juu kabisa, na ana haki, kwa sababu kwake tatizo lake ndilo tatizo. Kipaumbele mwondolee. Bugzilla ina kigezo kiitwacho letsubmitterchoosepriority, ambacho msimamizi akikizima mtoa taarifa hakioni tena kisanduku hicho anapoandika taarifa mpya. Ukali nao ugeuze uwe swali linalojibika. Bugzilla ya kawaida ina ngazi saba, na sijakutana na mtu wa nje ya ofisi yetu aliyeweza kutofautisha ya tatu na ya pili. Mimi nilibadilisha nikaweka: "Unaweza kuendelea na kazi?" Majibu yakawa matatu: siwezi kabisa, naweza kwa kuzunguka, naendelea kama kawaida. Karani analijua jibu hilo bila kufikiri. Kulitafsiri liwe namba ya ngazi ni kazi ya mpokeaji.

Namna ya kuyafanya haya inategemea programu uliyonayo, na nyingi zinaruhusu zaidi ya tunavyozitumia. Kwenye Bugzilla kila kisanduku ulichobuni mwenyewe kina namba ya mpangilio, na unaweza kuamua kama kionekane wakati wa kuandika taarifa mpya, kama ni lazima, na kama kitokee tu pale kisanduku kingine kinapokuwa na thamani fulani. Jira inakuruhusu kuwa na skrini tofauti za kuunda, kuhariri na kutazama taarifa. Wengi huacha moja itumike kote, na hapo ndipo mtoa taarifa anapokutana na makadirio ya saa za kazi. Redmine ina ruhusa za visanduku kwa kila wadhifa na kila hali ya taarifa, hivyo kisanduku kinaweza kuwa cha lazima kwa mpokeaji na kisichoguswa kwa mwingine. MantisBT ina mpangilio uitwao bug_report_page_fields unaotaja visanduku vipi vitokee kwenye ukurasa wa kuripoti. GitHub nayo inakuruhusu kuandika fomu kwenye faili ndani ya folda ya .github/ISSUE_TEMPLATE, na visanduku hutokea kwa mfuatano ule ule uliotumia kuviandika.

Kuhusu sura ya fomu sitasema mengi, ila safu mbili ziache. Kwenye skrini pana ya mbuni zinapendeza. Kwenye simu zinabanana, na kwenye kompyuta zinawavuruga watu wa kitufe cha Tab. Makarani na wahasibu hawashiki kipanya kama wanaweza kukiepuka. Wanaandika, wanabonyeza Tab, wanaandika. Jicho lao linashuka chini huku mshale ukiruka kulia, na namba ya simu inaingia kwenye kisanduku cha tarehe. Safu moja, kutoka juu kwenda chini, inamaliza ugomvi huo.

Lebo ikae juu ya kisanduku, isikae kushoto. Matteo Penzo alifuatilia mwendo wa macho ya watu wakijaza fomu, akaandika mwaka 2006 kwamba lebo iliyo juu hudakwa pamoja na kisanduku chake kwa mwendo mmoja wa jicho. Kwetu kuna sababu ya ziada. Lebo nzuri ya Kiswahili mara nyingi ni swali zima, na swali zima halienei kwenye nafasi finyu ya kushoto iliyopimwa kwa neno moja la Kiingereza. Nimeona "Ulitegemea kuona nini?" imekatwa ikabaki "Ulitegemea", na mtu akajaza jina la mumewe. Yale maandishi ya kijivu yanayokaa ndani ya kisanduku yasigeuzwe kuwa lebo, kwa sababu mtu akianza kuandika yanapotea, naye akiinua kichwa baada ya kuhudumia mteja hakumbuki alikuwa anajibu swali gani. Asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini kama NVDA au JAWS anataka lebo halisi iliyofungwa kwenye kisanduku ili isomwe kwa sauti.

Kinyota chekundu cha "lazima" kitumie kwa ubahili. Kwenye kila kisanduku unachokilazimisha kwa mtu asiye na jibu utapata nukta. Ndiyo, nukta moja, "." au "xxx". Mimi nimebakiza viwili tu vya lazima: alikuwa anafanya nini, na aliona nini. Na akisahau kimoja, ujumbe wa kosa ukae pale pale kwenye kisanduku hicho, na alivyokwisha kuandika vibaki vilivyo. Mtu aliyepoteza aya tatu kwa sababu muda wa kuingia uliisha hataziandika tena.

Ukurasa wa kusoma taarifa nao usiwe kivuli cha ukurasa wa kuijaza. Msanidi anayefungua taarifa asubuhi anataka kuona kwanza hali yake, nani anayo, na kichwa. Kisha simulizi na picha, halafu maoni ya karibuni. Rafu zote zile za moduli, toleo na mashine zipangwe pembeni, anaponyoosha jicho akizihitaji. Hapo mtunza stoo atapata haki yake.

Litakuja ombi la kuongeza kisanduku. Huja kila mwezi, kwa kawaida kutoka kwa mtu anayetaka ripoti fulani ya mkutano. Usimkatalie kwa maneno. Fungua taarifa mia za mwisho, uhesabu kwa kila kisanduku ni ngapi zimeachwa na thamani ya kuanzia, ngapi zina nukta, na ngapi zilibadilishwa baadaye na mpokeaji. Mara yangu ya kwanza kuhesabu, nilikuta kisanduku cha "Mfumo endeshi" hakikuwa kimesomwa na mtu yeyote. Kilijazwa tu. Anayeleta kisanduku kipya mwonyeshe hesabu hiyo, umwombe achague kipi cha zamani kiondoke.

Kabla hujabadilisha chochote kwenye seva, fanya jaribio la karatasi. Chapisha fomu, kata kila kisanduku kipande chake kwa mkasi, changanya vipande mezani, umwambie mtumiaji avipange kwa mfuatano anaoupenda na kile asichokielewa akisukume pembeni. Usimsaidie. Wa Morogoro alisukuma pembeni vipande tisa bila kusita, na "Bidhaa" kilikuwa cha kwanza. Alivyobakiza alivipanga kama alivyonisimulia jioni ile. Kipande kimoja tu kilimpa tabu, kitufe chenye neno "Wasilisha". Akakishika, akakigeuza, akauliza kama hicho ni cha kupeleka kwa meneja kwanza. Nikaandika "Tuma" juu yake kwa kalamu.

Nilirudi baada ya wiki kadhaa kwa shughuli nyingine. Kwenye ukingo wa kompyuta yake palikuwa na karatasi ya njano yenye namba nne zimeandikwa kwa mkono, mbili zimekatwa kwa mstari. Fomu mpya humwonyesha mtu namba ya taarifa yake kwa herufi kubwa akishatuma. Nikamuuliza hizo mbili ambazo hazijakatwa ni za nini. "Hizo bado mnanidai," akasema, kisha akajisahihisha: "Aa, mimi ndiye ninayewadai."